Blanketi Lililofunika Pipa

Nyumbani, huku kilimani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha ukorofi. Sisi hatujambo. Baba anakohoa asubuhi, lakini ukimuuliza anasema anasafisha koo tu, kwa hiyo tumeacha kumuuliza. Mume wangu yu salama, na watoto wanakula kama wanalipwa.

Kwenye simu nilikuambia blanketi ulilomtumia Baba limefika, basi, nikakata. Usinifokee. Nilitaka kwanza nijue mwisho wa habari, maana nusu yake ingekunyima usingizi.

Lilifika salama, zito, la sufu tupu, na Baba alijifunika siku ileile. Hakusema ahsante, unamjua ndugu yako. Alisema ni refu mno, linaburuzika chini, kisha akalala nalo mpaka saa ya chai. Sasa kaa kitako nikueleze lilikoishia.

Unakumbuka Baba alipopanda mizabibu huku juu, watu wote wakacheka, zabibu na baridi wapi na wapi? Wewe peke yako hukucheka. Basi, mwaka mmoja barafu iliunguza machipukizi, hatukuvuna kitu. Uliofuata, mvinyo wote ukageuka siki. Safari hii zabibu nyeupe zilizoiva zilitosha pipa moja tu, pipa la mbao za mwaloni, na Baba akaapa kwamba hilo nalo likiharibika atang'oa mizabibu yote na kumkodishia shamba mfuga kondoo. Nilimwamini, kwa sababu alikwisha kunoa shoka.

Maji ya zabibu hayakai kimya ndani ya pipa, Shangazi. Yanachachuka polepole, na kila asubuhi Baba huondoa kizibo, akatega sikio kama daktari. Yakiwa mazima, yananong'ona kwa mapovu. Lakini baridi ilikuja mapema, hamira inayoyachachua ikalala, na pipa likanyamaza huku sukari bado imejaa ndani. Likiachwa hivyo linaharibika. Nikasema tununue mashine ya kupasha joto chumba cha chini, Baba akasema mvinyo si kuku wa kubanikwa. Akawa anapanda ngazi na uso wa msiba. Chakula hagusi. Siku moja nikaona shoka limeegemezwa mlangoni.

Katikati ya hayo blanketi likapotea. Nilipekua nyumba nzima. Nikamsingizia mume wangu kwamba amempelekea dada yake, maskini wa watu, akaninunia, na alikuwa na haki. Baba mwenyewe amejikunyata jikoni ndani ya koti langu la zamani, meno yanagongana, anadai hasikii baridi.

Nilikwenda chini kuchukua viazi, nikalikuta. Pipa limefunikwa blanketi lako kutoka kichwani hadi miguuni kama mgonjwa, limekazwa kwa mkanda wa suruali ya Baba, na chini ya blanketi kuna ule mfuko wa mpira wa maji ya moto anaowekea miguu akilala. Baba naye alikuwa amenifuata nyuma, na hasira zikanipanda. Nilimfokea mzazi wangu, Mungu anisamehe, kwamba blanketi lilitumwa kwa ajili ya mtu, halikutumwa kwa ajili ya pipa, na akifa kwa baridi nitakuambia nini wewe. Akanishika mkono, akaondoa kizibo, akaniinamisha.

"Sikiliza," akasema.

Lilikuwa linanong'ona. Kidogo sana, kama mtoto anayeongea peke yake kabla usingizi haujamchukua. Nililia, Shangazi, sikufichi. Baba akajifanya anachagua viazi.

Tangu hapo kazi ya kubadilisha maji ya moto ikawa yangu. Mume wangu nilimwomba radhi, na yeye akampa Baba blanketi letu, sisi tukalala na makoti. Pipa lilipomaliza kuchachuka tukauacha mvinyo utulie ndani ya mwaloni wake mpaka baridi ikaisha kabisa. Siku ya kuonja hakuna aliyetaka kuanza. Mvinyo wenyewe una rangi ya majani makavu. Unauma ulimi kidogo kama tofaa bichi, halafu nyuma yake inakuja ladha ya ukoko wa mkate.

Mwenye mgahawa wa mjini alikuja, akaonja, akaonja tena. Amechukua chupa zote isipokuwa chache za nyumbani, na ameagiza za mwakani. Mwakani, Shangazi! Shoka siku hizi linapasua kuni.

Nakutumia chupa moja. Najua wewe ni mtu wa chai, lakini onja hata kijiko, maana bila wewe kusingekuwa na cha kuonja. Ahsante sana. Nasema kwa niaba ya nyumba nzima, na ya mizabibu.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, fundi saa na yule mcheshi, na umwambie mzee wako asimalize chupa kabla hujageuka. Mungu akutunze, goti na vyote.

Nilikuwa nafunga barua, Baba akaingia na mkasi. Amekata pembe ya blanketi mbele ya macho yangu, akaizungushia chupa yako ili isisafiri na baridi. Blanketi lenyewe hataki lifuliwe, linanukia mvinyo, na ndilo analolala nalo. Nikamuuliza niandike nini kutoka kwake.

"Mwambie Dada ahsante," amesema. "Mwambie, urefu wake ulikuwa sawasawa."

Anayekupenda na kukuchosha kwa maneno,
Chiriku wako.