Birika la Mzee Mustapha

Makao ya Wazee, Makanyagio,
Mpanda.
11 Julai

Mdogo wangu mpendwa Severina,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba baridi ya Sumbawanga ya mwezi huu haijakuingia magotini kama mwaka jana. Shemeji naye kifua chake kimetulia? Wajukuu nimewaombea wote, hata yule mtundu aliyevunja miwani yangu Krismasi. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na kila asubuhi natembea hadi barabarani na kurudi. Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hunikatiza, Severina, nami safari hii nataka kufika mwisho.

Kwanza nikushukuru kwa ile riwaya uliyonitumia kwa basi, ya wapelelezi wastaafu wanaofumbua uhalifu katika makao ya wazee. Ulisema umeicheka ukanikumbuka. Basi hukuisoma peke yako. Bi Mwanaasha, mwalimu mstaafu wa hapa, ndiye mwenye macho mazuri kuliko sote, akawa anatusomea kila alasiri barazani wakati wa kahawa. Mimi na Kashinje ndio tulionogewa zaidi. Unamkumbuka Kashinje, Msukuma tuliyekuwa naye upelelezi miaka kumi na minane. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na utani wetu hauna ukuta.

Kahawa yenyewe hupikwa na Mzee Mustapha. Alikuwa na duka la vitambaa Kashaulili, na alipokuja hapa alileta vitu viwili tu vya thamani, msahafu wake na birika la shaba la marehemu baba yake. Kila saa kumi hulipasha, akatumiminia mmoja mmoja, Mwislamu na Mkristo, bila kumsahau hata mlinzi. Mdomo wa birika hilo ulikuwa umelegea, kahawa ikimwagika kidogo upande wa kushoto, naye akiificha aibu hiyo kwa leso.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, saa kumi ilipofika, birika halikuwepo.

Mzee Mustapha hakupiga kelele. Alikaa tu na mikono mitupu mapajani. Kahawa ikapikwa kwenye sufuria, na hakuna aliyemaliza kikombe. Bi Mwanaasha akafunga kitabu, akatutazama mimi na Kashinje, akasema haya, wapelelezi wa kweli mpo hapa, au mnajua kusikiliza tu? Kashinje akanigeukia, akasema kama ninyi Wafipa mngekuwa wachawi wa kweli kama mnavyojisifu, ungeliita birika lije lenyewe. Nikamjibu kwamba Msukuma akipotelewa hata na kijiko huanza kwa kuhesabu ng'ombe. Watu wakacheka, na mimi nikaenda kuchukua daftari.

Sitakuficha kwamba nilifurahi. Ni miaka kumi na moja tangu mtu aniombe nitafute kitu.

Upelelezi, kama nilivyokuwa nikiwafundisha vijana wa kozi, huanzia pale kitu kilipoonekana mara ya mwisho. Birika lilioshwa Jumapili jioni na Générose, mpishi wetu, likarudishwa rafuni. Kisha unauliza nani aliingia na nani alitoka. Nikamwendea mlinzi. Akaniambia kwamba Jumatatu yote walitoka watu wawili tu wenye mizigo, Générose na wewe mwenyewe mzee. Nikacheka. Nikaandika jina la Générose peke yake.

Lazima nikueleze Générose ni nani. Ni mama wa makamo kutoka Katumba. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa na uraia anao. Mume wake Callixte analima tumbaku na mahindi, watoto wanne, na mshahara wa jikoni hapa ndio unaowapeleka shule. Anapika maharage laini kwa sababu anajua meno yetu. Jumatatu ile, baada ya chakula cha mchana, aliomba ruhusa akapanda bodaboda na kikapu kilichofunikwa.

Nilimwita Jumanne, nikamuuliza kulikuwa na nini ndani ya kikapu. Akasema ni zawadi. Nikasema zawadi gani. Akainamisha kichwa, akasema babu, nisamehe, siwezi kusema. Nikauliza mara ya pili kwa sauti ile ya kazini, unayoijua. Akanyamaza kabisa.

Kwa miaka thelathini nilifundishwa kwamba anayenyamaza anaficha kitu. Nikaandika hivyo katika daftari, nikampelekea Sista Angela, msimamizi wetu. Naye, bila kufurahia hata kidogo, alimwambia Générose akae nyumbani hadi jambo lieleweke, na lisipoeleweka hadi mwisho wa mwezi atatafuta mpishi mwingine. Nilimwona akivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Aliniaga kwa heshima, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Siku nne tulikula maharage magumu. Jumamosi mchana, tukiwa bado mezani, Kashinje akaingia kutoka mjini na mfuko. Akatoa birika, akaliweka mbele ya Mzee Mustapha. Akatangaza kwamba ni yeye aliyelificha, ndani ya gunia la mahindi stoo, ili aone Mfipa wa upelelezi atachukua siku ngapi. Akasema ni utani, na wote tunajua sheria ya utani, mtani akichukua chako huruhusiwi kukasirika.

Severina, watu walikasirika. Sista Angela alimwambia maneno ambayo sikujua masista wanayajua. Mzee Mustapha, mpole vile, alisema utani unaishia pale unapogusa riziki ya mtu mwingine, akachukua birika lake akaondoka bila kumtazama. Bi Mwanaasha aliacha kumsomea. Kashinje alikubali kunywa kahawa yake peke yake nyuma ya jiko. Générose alirudishwa siku ileile, akaombwa radhi. Kwa kila mtu jambo likawa limekwisha.

Kwangu halikuisha. Jumapili Mzee Mustapha aliponimiminia, hakuna tone lililomwagika. Nikaomba nilitazame birika. Pale mdomo unapoungana na tumbo palikuwa na risasi mpya ya kulehemu, inang'aa. Na ndani ya mfuniko, hakuna hata punje ya vumbi la mahindi. Mtu anayekiri kosa bila kujua lilivyotendeka, hakulitenda. Hilo nalo nilikuwa nikifundisha. Nikaona nimempata mtani wangu. Alilivunja, akalipeleka likarekebishwe, sasa anajifanya alikuwa anatania. Nikajiandaa kumuumbua mbele ya watu.

Siku hizi kila mtu ana chupa ya chai, mafundi wanaolehemu shaba mjini hawapo wengi. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Naseeb, yule mwenye kibanda nyuma ya soko la Kashaulili. Kabla sijafungua mdomo aliniamkia, akaniuliza afande, birika lilikubali? Akasema lilikuwa tayari tangu Jumatano, akashangaa siji kulichukua. Bahati nzuri mwenzangu Msukuma alipita Jumamosi kukaza vishikio vya miwani yake, akampa aniletee.

Nikamwambia amenifananisha na mtu. Naseeb akacheka, akasema afande kwa mizaha. Akafungua daftari ambalo, anasema, mimi mwenyewe nilimwelekeza kulitunza, kila mwenye kitu aandike kwa mkono wake. Akanionyesha ukurasa.

Nanukuu, kwa sababu nimeunakili: "Birika moja la shaba, mkono wa mti, mdomo umelegea upande wa kushoto. Limepokelewa Jumatatu saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mwenyewe ni Mzee Mustapha, asiambiwe, ni zawadi ya kumshtukiza." Chini kulikuwa na sahihi yangu, na ule mkia wake unaoucheka.

Mwandiko ni wangu. Wazo la zawadi ni langu, nalipenda hata sasa. Lakini kwenda huko sikumbuki. Nimekaa na ukurasa ule kichwani kama ninavyokaa na ushahidi wa mtu mwingine, na sioni barabara, sioni mfuko, sioni Naseeb akilipokea. Pale panapopaswa kuwa na asubuhi ya Jumatatu hapana kitu.

Ndilo jambo lenyewe, mdogo wangu. Nimeanza kusahau, kama mama. Na si mara ya kwanza. Mwezi wa tano nilipotea njia nikirudi kutoka kanisani, nikakuambia kwenye simu kwamba nilichelewa kwa sababu ya mvua. Mwezi wa tano huku haikunyesha. Nilikudanganya, nisamehe.

Niliporudi nilimkuta Kashinje nyuma ya jiko na kikombe chake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, bila kunitazama, kwamba aliona ni afadhali waseme Msukuma ni mpumbavu, maana hilo limezoeleka, kuliko waseme Mfipa amesahau. Upumbavu wangu, akasema, ni utani. Kusahau kwako si utani. Kisha akaniambia nisilie karibu na kahawa yake, itaingia chumvi.

Angeubeba mzigo ule mpaka kaburini. Nisingemwacha aubebe. Saa kumi siku ileile nilisimama barazani, nikamwita Générose atoke jikoni, nikawasomea wote ule ukurasa, neno kwa neno, kisha nikasema yaliyobaki. Mlinzi akanong'ona kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Bi Mwanaasha akasema katika vitabu mpelelezi huwa hakaguliwi mifuko, na hapo ndipo vitabu vinapokosea. Mzee Mustapha aliinuka, akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, akarudi amebeba kiti cha Kashinje kichwani.

Kwa Générose nilipiga goti moja, la pili halikubali. Aliniinua haraka, akasema babu acha, utaniletea laana. Akanieleza kwamba kwao, kikapu cha kwenda kumwona mtoto mchanga hakifunuliwi njiani wala hakitajwi kabla mama wa mtoto hajakifunua mwenyewe. Mdogo wake Emelyne alikuwa amejifungua. Ndani kulikuwa na unga wa ulezi na kitambaa cheupe. Nilimuuliza mtu mwenye adabu, nikamwandika mhalifu. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kwa kuwa jina lake limo katika daftari langu, niandike na mwisho wake. Nikaandika: "Générose, hana hatia. Amethibitisha mpelelezi aliyekosea." Nikachana ukurasa nikampa. Ameubandika jikoni, juu ya rafu ya birika.

Sista Angela atanipeleka hospitali ya mkoa wiki ijayo, niandikiwe wanachoweza kuandika. Usije mbio. Njoo ukivuna, ulete ulezi, nataka kwenda kumwona yule mtoto na kikapu kilichofunikwa kama inavyopaswa. Siogopi kama nilivyodhani ningeogopa. Ninasahau nikiwa katikati ya watu wanaokumbuka kwa ajili yangu, na si kila mzee amepewa hivyo. Kwa hilo namshukuru Mungu, na kwa riwaya yako nakushukuru wewe. Tumebakiza sura mbili. Kashinje anasema hata nikisahau muuaji ni nani, nina bahati, nitaisoma tena kama mpya.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani, na makaburi ya wazee wetu ukipita. Kashinje anakusalimia, anasema anasubiri mahari ya shangazi yetu mpaka leo. Na ukipokea barua mbili zenye habari hii hii, usishtuke. Zisome zote mbili, unijibu moja.

Wako akupendaye daima,
kaka yako,
Anicet