Mwalimu Aliyelala Upande wa Magharibi

Tosontsengel, Zavkhan, Mongolia
Alhamisi, 9 Januari 2003

Mpendwa Dada Nyamsuren,

Unapita baridi salama? Mgongo umepoa au bado unakusumbua? Mwanao Temuulen anakua? Huko Korea mna theluji au mna mvua tu? Nawasalimu wote wawili.

Mimi mzima. Meno mawili yameng'oka, hayakuwa na kazi. Ng'ombe mmoja niliyebaki naye bado anasimama kwa miguu yake mwenyewe. Mbwa Basar yupo. Leo tumeingia tisa ya tatu kati ya zile tisa za siku tisa tisa za baridi, na mate yanaganda kabla hayajafika chini.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu vuli. Kalamu inanichosha kuliko koleo, unajua. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza.

Kazi ni ile ile. Nachochea boila ya shule. Makaa ya mwaka huu mabaya, nusu udongo. Watoto wakipata baridi wanakuja kuchungulia dirishani kwangu, wananikunjia uso kama mimi ndiye niliyeleta Januari.

Sasa nina mtu nyumbani. Usishtuke, siyo mke.

Mkurugenzi wa shule alikuja mwezi wa kumi, akakaa, akanywa chai, akasema, "Luvsan, hema lako lina kitanda kitupu." Nikamwambia najua, nakiona kila siku. Akasema kuna mwalimu wa kujitolea anatoka Kanada, anakuja kufundisha Kiingereza mwaka mzima wa shule, na lazima akae na familia. Nikamwambia mimi siyo familia. Mimi ni mtu na mbwa. Akasema nyumba zingine zote zimejaa. Basi nikakubali.

Jina lake Dominiki. Ana miaka ishirini na sita. Mrefu. Anagonga kichwa kwenye mlango wangu kila akiingia, halafu anauomba mlango samahani. Nimempa kitanda cha magharibi, kile ulichokuwa unalalia wewe ukija. Mimi nalala cha mashariki. Nalala upande mmoja tu, ule upande wangu wa zamani. Sijui kwa nini. Nafasi ipo.

Kijana siyo mbaya. Mwanzoni chai yetu ya chumvi ilimtoa machozi lakini aliimaliza. Mafuta ya kondoo alikuwa anayatafuna huku anaangalia juu, kama mtu anayesubiri habari. Kuni alikuwa hajui kupasua, sasa anajua kidogo. Samadi kavu ya kuwashia jiko alikuwa anaishika kwa vidole viwili, sasa anaishika kama mtu.

Ila alikuwa na asante nyingi. Ukimpa kikombe, asante. Ukimsogezea kigoda, asante. Ukifunga mlango, asante. Ikaniudhi. Nikafikiri ananiona mimi ni mwenye duka. Mtu wa nyumbani anashukuru nini?

Hatukugombana. Hatukuongea tu. Mimi narudi na masizi mpaka masikioni, nakaa. Yeye anasahihisha madaftari. Nampa chakula, anakula. Kimya. Mimi nilidhani huo ndio uzuri wenyewe. Mgeni usimsumbue na maswali, mwache apumue.

Halafu jioni moja nikamkuta nje amechuchumaa, anaongea na Basar kwa lugha yake. Maneno mengi, dada. Mbwa anaambiwa mambo ambayo mimi siambiwi. Na mimi pia huwa naongea na mbwa, asubuhi, nikienda kazini. Kwa hiyo Basar ndiye anayejua habari zetu wote wawili, na hasemi.

Sasa nakuambia kosa.

Desemba alishikwa na mafua makali. Siku ile sikuwa zamu. Nilimchemshia supu ya kondoo, nikamfunika na koti langu la ngozi. Jiko linawaka vizuri. Akapenga kamasi kwenye karatasi, akainua mfuniko wa jiko, akaitupa motoni.

Motoni, dada.

Nikaruka. Nikapiga kelele, "We! Unaupaka moto wangu kamasi? Kwenu hakuna watu?" Nikampokonya mfuniko, nikaubamiza. Bakuli la supu likamwagika. Yeye akabaki kashika mkono wake hivi, kwenye kifua. Maneno hakuyaelewa yote. Sauti aliielewa.

Sikumweleza. Hapo ndipo kosa langu. Mtoto wa kwetu anajua kabla hajatembea kwamba moto ni safi, hautupiwi uchafu, hautemewi mate, kisu hakiuelekei. Huwa hatumwambii mtu. Nikachukulia kwamba na yeye anajua na amefanya makusudi. Miezi yote ile sikumwambia hata kitu kimoja cha nyumba hii, halafu nikamkaripia kwa kutokukijua.

Na wewe unajua moto ule ulikuwa wa nani. Marehemu mke wangu alikuwa anaupa kipande cha kwanza cha mafuta kila siku, kabla yangu. Miaka mitatu naupa mimi. Ndicho kitu pekee alichoniachia ambacho bado kinahitaji kulishwa.

Baada ya siku ile kijana akawa anakula shuleni. Anakuja kulala tu. Karatasi zake za mafua akawa anazitia mfukoni, mfuko wa koti ukavimba kama shavu lenye jino bovu. Nikauona. Sikusema kitu.

Jumatatu mkurugenzi akanisimamisha pale kwenye makaa. Akasema mwalimu ameomba kuhamia mjini Uliastai, kuna nyumba ya ghorofa yenye bomba la maji ya moto, na shule huko inamhitaji. Gari linakuja kesho Ijumaa asubuhi. Nikasema sawa. Nikaendelea kupiga koleo. Mkurugenzi akaenda zake.

Bibi Budkhand, jirani yetu, amekuja leo mchana kuniletea maziwa yaliyogandishwa na baridi. Kaliona begi la mwalimu mlangoni. Akasema, "Anaondoka kwa sababu yako, wewe kisiki?"

Nikamwambia anafuata bomba la maji.

"Bomba gani! Amevumilia choo cha nje kwenye baridi hii miezi mitatu, leo ndiyo afuate bomba? Kamwambie abaki."

"Mimi mkubwa kwake. Nimwombe mtoto radhi?"

"Mdomo wa kukaripia unao, wa kuombea huna. Basi kaa na mbwa wako. Mimi mwenyewe nikifa ndiyo utabaki huna hata wa kukutukana."

Akachukua chombo chake, akatoka. Hata chai hakunywa.

Nakuambia ukweli, dada, kwa sababu uko mbali na hutaniangalia usoni. Nataka abaki. Siyo kwamba ananisaidia chochote. Ni kwamba nikirudi kazini kuna moshi kwenye bomba la jiko langu, na nauona toka mbali, toka pale kwenye daraja. Tangu marehemu aondoke nilikuwa narudi kwenye jiko la baridi. Mimi nawasha moto wa watoto mia nne halafu narudi kwangu kwenye majivu.

Naacha hapa. Zamu yangu imefika.

Jumapili, 12 Januari

Naendelea.

Ijumaa gari lilifika mapema, lile la Galsan, la Kirusi, lenye blanketi kwenye injini. Galsan akapiga honi mpaka mbwa wote wa mtaa wakajibu. Dominiki alikuwa amekunja blanketi zake vizuri sana, kona kwa kona, kama za hospitali. Kile kitanda kimetandikwa hivyo kilinitia uchungu. Alikuwa na soksi tu, buti zake zilikuwa kando ya jiko zinapata joto.

Akanyoosha maneno yake aliyoyaandaa. "Kaka Luvsan, asante kwa kila kitu."

Mimi nimesimama. Usiku mzima nilikuwa nawaza boilani. Mkubwa haombi radhi kwa mdogo, hilo sijawahi kuliona hapa. Lakini ukimkanyaga mtu mguu mnapeana mikono palepale, mkubwa na mdogo, hata ingekuwa gavana na mchunga mbuzi, la sivyo mnakuwa maadui. Hapo hakuna ukubwa.

Basi nikamkanyaga.

Nilitaka kumgusa tu. Ila nilikuwa na buti la kazi, lile lenye chuma mbele. Nimezoea kulikanyagia makaa. Akapiga yowe, akarukaruka kwa mguu mmoja, akagonga kichwa kwenye nguzo. Galsan akachungulia ndani. "Toba! Luvsan, unamchinja?"

Mimi nikanyoosha mkono. Mkono umenyooka, mweusi wa makaa. Nilikuwa nimeshajiambia, asipoupokea natoka nje na sirudi mpaka gari liondoke.

Akauangalia. Akaangalia mguu wake. Kumbe watoto wa shule wameshamfundisha mchezo huo, wanakanyagana makusudi kwenye foleni ili washikane mikono wacheke. Akaushika. Akaniambia kwa Kimongolia chake kile cha kuvunjikavunjika, "Kaka, umenikanyaga makusudi."

Nikasema, "Ndiyo."

"Kwa sababu ya moto?"

"Kwa sababu ya kelele. Moto hautupiwi uchafu. Nilitakiwa nikwambie siku ya kwanza."

Hakuuachia mkono. Akasema, "Huniulizi kitu. Miezi mitatu. Hata jina la mama yangu hujaniuliza. Nimefikiri hunitaki hapa." Akavuta pumzi. "Sasa niambie. Unataka nikae?"

Dada, nimezika mke. Nimewaburuta kondoo mia moja na arobaini waliokufa, mmoja mmoja, majira yale ya theluji mbaya. Lakini swali lile lilinishinda. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini. Na Galsan kasimama pale mlangoni, mdomo wazi, Uliastai nzima inasubiri habari kwake.

Nikasema, "Kaa."

Neno moja. Lilinitoka kama jino.

Galsan akasema, "Nyie mnakaa au mnaoana? Injini yangu inaganda!"

Dominiki akamwambia, "Galsan, nenda. Wape salamu Uliastai." Galsan akatukana kilomita zote mia na themanini alizokuja bure, nikamnyamazisha kwa nyama ya kichwa na vikombe viwili vya pombe kali. Akaenda zake akiwa anacheka. Sasa najua Uliastai nzima inajua.

Mguu wa mwalimu umevimba. Bibi Budkhand ameufunga na mafuta ya mkia wa kondoo, huku ananiambia, "Wengine wanaomba radhi, wewe unavunja mifupa." Lakini safari hii alikunywa chai. Vikombe vitatu.

Nimemwonyesha Dominiki jinsi ya kuupa moto mafuta. Anafanya kwa uangalifu mno, kama anapeleka mtihani. Mama yake anaitwa Loreta, anapika kwenye nyumba ya wazee. Baba hana. Jana nilimuuliza maswali matatu. Leo mawili, nimechoka. Yeye naye akaniuliza la marehemu, alikuwaje. Jina sikulitaja, unajua hatulitaji, lakini nilimwambia kwamba alikuwa anamwimbia ng'ombe anayekataa ndama wake mpaka amkubali. Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu. Halafu nikatoka nje kuangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe hakuwa na shida.

Mwezi wa sita shule ikifungwa ataondoka. Hilo liko kwenye karatasi zake, hakuna kukanyagana kutakakolibadilisha. Sasa hivi ni mchana, amelala kitandani kwake mdomo wazi, mguu juu ya mto, anakoroma. Namwangalia na nimeshaanza kumkosa.

Sasa nina jambo lako.

Ulipofika Korea uliniandikia barua ya kwanza. Ulisema mwenye nyumba wako ni mwanamke asiyesema, na wewe unakula umeelekea ukuta kwa sababu hujui ukae wapi. Niliisoma. Nikakujibu habari za nyasi na bei ya sufu. Barua hiyo nimeitoa tena jana kwenye sanduku. Uliandika kurasa mbili na mimi nilisoma kama karatasi ya dawa.

Sijawahi kukuuliza, dada. Nakuuliza leo, na miaka mitatu imepita. Ulikosea nini kwenye nyumba ile? Nani alikupigia kelele? Ulimwambia nani? Kuna mtu aliwahi kukuambia kaa?

Niandikie hata kama ni mabaya. Nitasoma polepole.

Msalimie Temuulen, mwambie mjomba wake bado anabeba gunia la makaa kwa mkono mmoja. Bibi Budkhand anakusalimu, anasema urudi umzike, amechoka kusubiri. Dominiki ameamka, naye anakusalimu ingawa hakujui. Nimemwambia kitanda ni chako.

Moto wako uwake, na anayekaa karibu nao akuulize habari zako.

Ni mimi ndugu yako akupendaye, nimeliandika kwa sababu kulisema siwezi,

Luvsandash