Kiatu cha Kushoto

Magomeni, Kilosa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, jana alishinda Mvumi akivuna mahindi. Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na swali lako ndilo lililonichokoza.

Umeuliza kama ni kweli yule mchezaji kwenye nembo ya ligi ni mimi. Ni mimi. Mpiga picha alinipiga tukicheza Mikumi, na miaka mingi baadaye mchoraji wao akaifuata ile picha mstari kwa mstari, mpaka bega langu lililoinama. Ila amenivisha viatu viwili.

Sikuwa na viwili. Mimi na rafiki yangu Yohana tulikuwa na jozi moja, tukagawana. Mimi napiga kwa kulia, nikavaa cha kulia. Yeye alitumia kushoto, akavaa cha kushoto. Watu walitucheka mpaka nilipofunga bao, tena kwa pasi yake.

Nilikwenda ofisini kwao na picha yenyewe mkononi. Kijana mmoja akanipa kiti, akaniambia, "Mzee, mguu peku unaonyesha umaskini. Tumekurekebisha."

Nani aliwaomba? Nilitaka wakifute kile kiatu kimoja tu, basi. Wamekataa.

Yohana tulimzika Masanze, na hakuwahi kupigwa picha hata moja uwanjani. Kitu pekee kilichoonyesha kwamba alikuwepo siku ile ni huo mguu wangu peku, nao wameufunika.

Babu yako,
wa kiatu cha kulia