Titi Lilikuwa la Nani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Hapa Mabawa sote wazima, na mamako anakusalimu.

Unaniuliza: ndugu wa mgonjwa wako wa saratani wanakuomba umfiche ugonjwa wake, je, uwasikilize? Umenipandisha hasira za tangu usichana wangu, enzi za Mwingereza.

Mama yangu aliota uvimbe kwenye titi. Hospitalini daktari alizungumza na baba na mjomba. Mama alikaa nyuma ya pazia, ndiyo heshima ya wanawake wetu, nami ubavuni pake. Wakanong'ona, wakakubaliana wao. Mama akaambiwa ni jipu tu, litapasuliwa.

Alipozinduka alipapasa kifua, titi halipo.

"Tulikuonea huruma, dada," mjomba akasema.

"Titi lilikuwa la nani?" mama akamuuliza.



Alipona, na wapo wanaoniambia basi walifanya vyema. Wanikome. Pengine angekubali mwenyewe, lakini nani alimuuliza?

Tangu hapo, mjomba akija kula kwetu, mama hakumuuliza kama ameshiba. Alimuuliza mkewe, na mjomba yupo pale pale, sahani tupu mkononi.

Bibi yako,
Mwanahamisi