Kitabu Chini ya Mguu wa Televisheni

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Nguo zianueni kabla ya mvua.

Mkiona televisheni imelalia upande, msimwite fundi. Asubuhi nikifagia nimekuta kitabu changu kimetiwa chini ya mguu wa meza yake ili isiyumbe. Aliyekitia anajijua. Ndicho nilichojifunzia kusoma peke yangu, babu yenu akifoka kwamba msichana akijua kusoma atakuwa mkaidi. Hakukosea. Nimekichomoa.

~~Leo ni marufuku kuwasha televisheni.~~ Washeni mkitaka, shingo ni zenu.

Msiniambie eti nayo inafundisha. Jana niliwauliza tamthilia inahusu nini, mkajibu, “Si wanagombana tu, mama.” Jioni nzima mmekodoa macho, mkaambulia hayo!

Kitabu nimekiacha hapa, chini ya karatasi hii. Kurasa za mwisho mguu umezisaga, hazisomeki. Someni mpaka hapo, kisha mwisho mtunge wenyewe. Nikirudi kutoka kazini nitaketi niusikilize, na ole wake atakayeniambia wanagombana tu.

Mama yenu, mkaidi