Mashavu ya Dona

Bujumbura, Jumamosi, Novemba 2004

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika mchana. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, ndiyo maana nimekuja kuandika. Mkahawa huu wa intaneti unafungwa mapema ili sote tufike nyumbani kabla ya saa ya kutotembea usiku iliyowekwa na serikali, kwa hiyo nitasema haraka.

Leo tumemwona Dona.

Dona ni mdogo wangu. Alikimbilia Tanzania miaka mitatu iliyopita, yuko kambini, na tangu aondoke tulikuwa tunapata salamu za mdomo tu. Alhamisi shemasi wa kanisa letu, ambaye huenda huko mara kwa mara, alituletea diski. Yeye mwenyewe hakumwona Dona, alikabidhiwa tu na mtu wa kambini. Kesho baada ya ibada anaondoka tena, na tukiwa na neno la kumwambia Dona, ndiye atakayelibeba.

Sisi hatuna TV. Yetu iliondoka na waliovunja nyumba, ule mwaka tuliolala kanisani. Basi tukaenda kwa Mama Salma, mwenye duka la vitambaa, rafiki ya Mama tangu mimi sijazaliwa. Mume wake amemletea TV kutoka Dubai, ile mpya, pana kama meza ya kulia chakula. Mtaa mzima umeshapita pale kuishangaa.

Mimi ni mtu wa filamu, nalisema bila haya. Kabla ya vurugu kuzidi, mimi na Dona tulikuwa hatukosi kwenye kibanda cha video. Pale filamu pana zilibanwa ziingie kwenye TV ndogo, na waigizaji wote wakawa warefu wembamba. Dona aliamini kwa muda mrefu kwamba Wazungu wa sinema wana vichwa kama maboga marefu. Kwa hiyo najua picha inaweza kumfanya mtu nini. Sikujua tu kwamba siku moja mtu huyo angekuwa wa kwetu.

Diski ilipoanza, picha ilikaa katikati ya ile TV, na kushoto na kulia kukabaki weusi. Kamera iliyomrekodi ilikuwa ya kawaida, picha yake haina upana wa kuijaza TV ya Dubai. Dona alikuwa amekaa kwenye benchi, nyuma yake watoto wanacheza mpira. Nilimwona vizuri. Shingo imebaki mishipa, mifupa ya mabega inasukuma shati, na macho yameingia ndani.

Mama alikuwa bado anatafuta miwani kwenye mkoba.

Mama Salma hakupenda ule weusi. Akaniambia, "Mi sikununua TV kubwa ili nusu ikae giza. Spesi, finya hapo katikati, itajaa." Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Nikafinya kitufe cha katikati.

Dona akatanuka. Mashavu yakajaa, mabega yakawa ya mbeba mizigo wa bandarini, shati likamkaa vizuri. Mama akavaa miwani, akamtazama mwanawe ambaye kwa miaka mitatu alimpata kwa salamu za mdomo tu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Angalia mashavu," akasema. "Mutoto wangu anakula."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, Mama, hiyo ni TV, siyo Dona. Maneno machache tu. Lakini sikuwa nimemsikia akicheka namna ile tangu Dona aondoke, na nikaona aibu kuwa mimi wa kumnyamazisha.

Halafu Dona akauliza alichotaka kuuliza. Alisema wengine wanaanza kujiandikisha kurudi, na yeye hawezi kuamua peke yake. "Mama, uniambie. Nirudi ao nibakie? Chenye utasema, ndicho nitafanya."

Jana, hata kabla ya kuulizwa, Mama alikuwa ameshaamua kwamba arudi. Alikuwa hata amechagua kitanda kitakaa wapi. Leo, mbele ya yale mashavu, hakufikiri hata kidogo. "Abakie kule," akamwambia Mama Salma. "Huku atakuja kufanya nini? Wanapiga bado. Kule anashiba."

Kisha akala pilau ya Mama Salma, sahani nzima, akaongeza.

Na mimi sijui kama amekosea. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Risasi bado tunazisikia milimani, hayo mazungumzo ya amani tunayasikia redioni tu, na kijana wa jirani yetu aliyerudi mwezi wa sita tumeshamzika. Nikisema ukweli, Mama atamwita Dona, na Dona akirudi akapatwa na jambo, nitakuwa nimemwita mimi. Nikinyamaza akafa kule kwa ugonjwa au kwa njaa, nitakuwa nimemwacha mimi. Nakiri kwamba pale kwenye kochi nilishukuru kidogo kwamba TV imeamua badala yangu. Niliona raha ya namna fulani. Ni aibu kuiandika, lakini ilikuwepo.

Tulipofika nyumbani, Mama aliiendea sahani ya Dona. Hii sahani haijawahi kukosa mezani kwetu. Kila jioni Mama humwekea chakula kidogo, anafunika, na asubuhi tunawapa kuku. Leo aliiosha, akaifuta, akaiweka kabatini pamoja na nyingine.

Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alikuwa amenipa mgongo. Akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Ule mupira wa batoto kule nyuma, mbona ulikuwa kama ipapayi?"

Alifunga kabati, akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Tangu hapo namfikiria Mama, namwacha Dona kidogo. Ameuona mpira. Ameuona, na amechagua mashavu. Au hajachagua, amenisubiri mimi niseme, na mimi nikasimama mlangoni kama mgeni. Nimemfanya mama yangu ajibu swali kubwa kuliko yote aliyowahi kuulizwa na mwanawe, akiwa amemtazama mtu ambaye hayupo.

Kama atasema abaki, na aseme hivyo kwa Dona yule mwembamba. Kama atasema arudi, vilevile. Sitamchagulia jibu. Lakini ni mimi niliyefinya.

Nimeshapita kwa Mama Salma. Amekubali tufike asubuhi mapema, kabla ya ibada, kabla shemasi hajaondoka. Rimoti nitaishika mimi. Nitamwomba Mama avae miwani kwanza, nimshike mkono, kisha nitafinya pale katikati, na weusi urudi pande zote mbili.

Ile sahani nitaitoa kabatini leo hii nikifika.