Wananiita Mguu

Jumatatu, 5 Aprili 1999 — Pasaka ya pili

Nimeona ratiba ya mashindano ya gofu klabuni. Mimi nusu ya juu, Filbert nusu ya chini. Hatuwezi kukutana mpaka fainali. Mungu ni mwema!

Kuna mtu ameandika "Mguu" kwa penseli pembeni ya jina langu, kisha akafuta nusu nusu. Baa walikuwa wanacheka. Nilipoingia wakaacha. Daktari Efraimu, mwenyekiti wa mashindano, amenipa mkono na kunitakia heri ya Pasaka, halafu macho yake yakashuka kwenye kiatu changu cha kulia. Hata yeye!

Miaka miwili sasa. Dukani kwangu Himo dereva wa lori anakuja kununua fani belti, anauliza, Mguu yupo? Hajawahi kushika stiki ya gofu tangu azaliwe. Hata hajui kwa nini naitwa hivyo, anadhani ni jina la utani tu, labda nilicheza mpira. Na mimi nampa fani belti, namhesabia chenji.

Sikufanya kitu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunibishia. Mpira wangu ulilala vibaya nyuma ya mti, nikaupiga pale pale ulipolala. Filbert akaenda kwa kamati akasema Basili kausogeza kwa mguu, nimemwona kwa macho yangu. Filbert! Tuliyejifunza naye gofu kijijini Kilema kwa fimbo za mpera. Aliyesimamia ndoa yangu. Tulikuwa tunagombea ukapteni, mimi na yeye. Nikafungiwa mwaka mzima, taarifa ikabandikwa ukutani kila mtu aisome. Yeye akawa kapteni.

Sitaki kumpiga ngumi. Ningetaka hivyo ningeshampiga. Nataka nimpige kwenye grini, pale kwenye nyasi fupi zenye shimo, watu wote wakitazama, polepole.

Jumanne, 6 Aprili

Filbert anapiga mpira mbali. Lazima niseme ukweli, anaupiga mpaka unamsahau. Mpira wangu wa kwanza haufiki popote. Lakini kutoka pale karibu na grini mpaka shimoni — Moshi nzima hakuna anayenifikia. Hata wanaonicheka wanajua. Watu wanapenda kutazama mpira ukipaa. Mechi inaamuliwa huku chini, kwenye nyasi fupi.

Leo mazoezi kihambani, shambani hapa hapa nyumbani. Nasimama kwenye migomba na weji, ile stiki yenye uso uliolala. Mpira unapanda, unavuka mfongo wa maji, unavuka kichanja cha kuanikia kahawa — kitupu msimu huu — unatua kwenye debe. Ukitua nje ya debe naanza upya. Nawaza uso wa Filbert na mkono unatulia kabisa. Ajabu! Wengine hasira huwatetemesha.

Mpira mmoja umeingia kwenye sufuria ya mtori. Victoria ameutoa kwa mwiko, akauweka mezani pembeni ya sahani yangu. Amesema kama ni Filbert ninayempiga nikampige kwake, hapa watu wanakula.

Jumatatu, 12 Aprili

Redio asubuhi: Olazábal, yule Mhispania, ameshinda tena mashindano ya Augusta, kule Marekani! Chai imepoa nikisikiliza. Miaka michache nyuma alikuwa hawezi hata kutembea, miguu ilimlaza kitandani — miguu! — watu wakamzika akiwa hai. Leo kavaa koti la kijani la mshindi. Na hapigi mbali. Anashinda kwa mikono, karibu na shimo, kama Seve, Mhispania mwenzake aliyemtangulia. Picha ya Seve ninayo, niliikata kwenye gazeti kuukuu la sokoni Moshi. Iko ukutani karibu na Bikira Maria. Mama akija naificha.

Seve mpira wake uliwahi kwenda mpaka kwenye maegesho ya magari na bado akachukua kikombe. Hawa ndio watu wangu. Wanapotea porini, kila mtu anasema wamekwisha, halafu unawaona wanatokea na mpira uko karibu na kijiti cha shimo.

Jumamosi, 17 Aprili

NIMEINGIA FAINALI.

Nimemtoa Davis wa benki. Kijana ana mabega, mpira wake wa kwanza ukitua, wangu anauona kwa mbali nyuma. Kila shimo alinisubiri huku akipiga miluzi. Kila shimo nilimfuata kwa weji. Kwenye la kumi na sita mpira wangu ulikuwa ndani ya mtego wa mchanga, chini kabisa, naona anga tu. Nikautoa laini, ukajikunja, ukaingia. Davis akaacha miluzi. Amesema, Mzee, hiyo mikono umeitoa wapi? Nikamwambia kwenye mtori.

Filbert naye ameshinda. Jumamosi ya Mei Mosi, mimi na yeye. Rogath, mwenye ulimi kuliko wote pale baa, amepaza sauti, Mguu, safari hii tutaleta waya tuufunge! Kicheko. Filbert hakucheka. Aliangalia glasi yake.

Cheka tu, Rogath. Wewe nawe nimekuandika moyoni.

Jumatano, 21 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi kutoka Himo jioni, nimekuta jani la sale juu ya meza. Jani bichi, refu, limefungwa fundo katikati kama inavyotakiwa. Nikauliza nani kafariki, maana sale hutumika hata msibani. Victoria akasema Filbert alikuja.

Alikuja mchana, anajua niko dukani! Alipita kwa nyuma, njia ya zizini. Alikaa jikoni kwenye kigoda, mtu mzima na tai yake. Victoria anasema alilia. Alisema: shemeji, mwambie Basili siku ile sikuona mguu. Niliona mpira umelala mahali nisipopategemea, basi. Nilitaka ukapteni. Mwambie silali. Halafu akalitoa sale kwenye koti na kulinyosha kwa mikono miwili.

Na Victoria akalipokea.

Nimepiga kelele mpaka ng'ombe wamestuka. Kwa nini ulipokee! Akasema, ningefanyaje, nimwache na sale mkononi? Wewe umeona nani hapa Kilema amekataa sale?

Hakuna. Hilo ndilo linalonichoma. Sale si maua ya mezani. Mtu akikuletea sale umeshapangiwa la kufanya: unasamehe. Hata aliyeua ndugu yako. Ndivyo tulivyolelewa, na Filbert amelelewa hivyo hivyo, nyumba ya pili kutoka kwetu. Anajua vizuri alichobeba kwenye lile koti.

Nikamwuliza Victoria, je, amesema atakwenda klabuni kusema? Amesema hapana. Akisema klabuni watamvua ukapteni, ameomba tuelewane kifamilia.

Kifamilia! Alinivua nguo mbele ya watu, ananivika jikoni, gizani, kwa mke wangu! Na kwa nini leo? Miaka miwili hakulijua shamba lenye masale? Siku kumi kabla ya fainali ndiyo moyo umemwuma. Anataka niende pale nimeshasamehe, mkono umelegea. Ananijua. Anajua hasira ndiyo inayonituliza.

Sijaligusa. Amepokea Victoria, mimi sijapokea. Likae hapo.

Alhamisi, 22 Aprili

Mama amekuja. Nani kamwambia? Victoria, nani mwingine. Nimempa shikamoo, ameitikia huku anatazama meza. Amesema sale likilazwa bila kujibiwa linaanza kumtazama mwenye nyumba. Nikamwambia mama, sijalipokea, mikono yangu safi. Akauliza, mke wako ni mikono ya nani?

Nimekwenda kupiga mipira. Yote nje ya debe.

Jumapili, 25 Aprili

Misa ya kwanza. Filbert amekaa benchi la mbele yetu, makusudi. Padre aliposema tupeane amani, akageuka na mkono umenyooshwa. Nikatoa kitambaa nikapenga kamasi. Nimepenga kwa muda mrefu sana. Victoria akampa mkono wake, na kwa kisigino akanikanyaga vidole vya mguu.

Najua ni dhambi. Nitaungama baada ya Mei Mosi. Nikimshinda kwanza nitakuwa na moyo mweupe wa kuungama nao.

Ijumaa, 30 Aprili

Mvua haikati. Wanasema tutacheza hivyo hivyo.

Sale bado liko mezani. Bado bichi! Majani mengine yangeshakauka. Tunakula tukilizunguka.

Debe, kila mpira. Mkono umerudi.

Jumamosi, 1 Mei

Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, klabuni, nimelowa mpaka ndani. Mechi imesimama kwa radi. Nimefunga mlango. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Mashimo kumi na saba, tuko sawa. Sawa! Amenipiga mbali kila shimo na kila shimo nimemrudia. Kwenye la tisa alikuwa kwenye grini kwa mapigo mawili, mimi kwenye majani marefu, watu wameshaanza kuondoka kwenda la kumi. Nikauinua ukagonga kijiti ukazama. Nikamwangalia usoni. Aliumia — nimeona! — na nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu. Watu walipiga makofi. Kuna mtu amesema, Mguu ana mikono. Hata sifa wananipa kwa jina hilo.

La kumi na nane. Pigo langu la pili limeishia upande wa huku wa mtaro, grini iko ng'ambo. Ni lile pigo la kihambani: vuka maji, tua laini, karibu na kijiti. Nimelipiga mpaka usingizini. Filbert mpira wake umeingia kwenye mijakaranda. Kwa adabu ya mchezo nikaenda kumsaidia kuutafuta. Tukaukuta umekaa nyuma ya mzizi mkubwa. Hapigiki. Nikaona uso wake umekwisha, na nikasema moyoni, mwosha huoshwa.

Filbert akasogea pembeni, akavua miwani aifute. Alikuwa hatua tatu kutoka kwenye mpira, labda nne. Maji yalikuwa yanashuka na shina. Mpira ukatikisika, maji yakausukuma ukazunguka mzizi, ukateremka mbele yake ukakaa kwenye nyasi, mahali pazuri kabisa. Wenyewe. Nimeuona kwa macho yangu. Yeye hakuuona hata ulipokwenda. Mpira ukisogea wenyewe hakuna kosa, unaupiga hapo ulipo.

Halafu Rogath, amesimama na mwavuli upande wa pili wa uwanja, akapiga kelele: Kapteni! Mpira si ulikuwa nyuma ya mzizi?

Radi ikapasua. King'ora. Wote tukakimbia.

Sasa baa nzima ni habari hiyo tu. Rogath anaapa kapteni kausogeza. Ukisogeza mpira kwa mguu shimo limekwenda kwa mpinzani, na shimo hili ndilo mechi. Efraimu amesema hakuna haja ya kelele: Basili ndiye aliyekuwa karibu, atakalosema Basili ndilo tutakaloandika.

Atakalosema Basili! Miaka miwili iliyopita nililia pale mbele ya meza ile ile, hakuna aliyetaka neno langu.

Filbert amesimama barazani, maji yanamtiririka kutoka kichwani. Nilipita mbele yake. Alinitazama tu. Anajua hakugusa. Anajua na mimi najua. Na anajua alichonifanyia. Amekalia kuti kavu, na kisu kiko mkononi mwangu.

Neno moja tu. "Nimemwona." Lile lile lake! Kikombe ni changu, ukapteni wake umekwisha, na kesho ataitwa Mguu yeye. Ninalitaka neno hilo. Mate yananijaa mdomoni nikiliwaza. Nimelisema kimya kimya hapa mbele ya kioo, limetoka vizuri, lina sauti ya ukweli kabisa. Hivi ndivyo lilivyomtoka na yeye?

Na mpira wangu kando ya mtaro utaokotwa tu. Hakuna atakayejua kama ningeupiga.

Nimetia mkono kwenye mfuko wa stiki nitafute taulo kavu. Nimeshika kitu kirefu, laini, chenye fundo.

Victoria! Mwanamke huyu! Amelifunga ndani ya taulo. Nimelishika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa kulia, nikalivuta lote mpaka nje kabla sijajua ni nini. Nimeketi nalo magotini. Bado bichi. Natukana na hakuna wa kumtukana.

Mlango umegongwa. Efraimu. "Basili, uko humo?" Basili, ameniita Basili. "Mvua inapungua. Njoo utuambie ulichoona."

Nimesema nakuja.

Sitalificha ndani ya koti kama yeye. Nitaingia nalo mkononi, kila mtu alione, na kila Mchagga mle ndani atajua ni nini bila kuambiwa. Nitaliweka juu ya kaunta mbele ya kapteni. Nitamwambia, Filbert, sale lako hili hapa, limefika. Mimi nitasema nilichoona leo. Lakini anza wewe, waambie ulichoona siku ile.

Akisema, nitasema. Akinyamaza — sijui. Kweli sijui kitakachonitoka.

Wamegonga tena. Baa imekuwa kimya, hata Rogath. Mvua imekatika.